Muongo wa 2010 hadi 2019: Mambo ya Dunia na Mizani ya Chama

Katika misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, msingi wa tano unahusu elimu, mafunzo na habari. Mara nyingi msingi huu hufasiriwa kwa ufinyu. Katibu hufundishwa kuandika daftari la mapokezi, mwenyekiti hufundishwa kuongoza mkutano, na mkulima huelezwa namna ya kupogoa mibuni. Hayo yote ni ya lazima. Lakini lipo jambo jingine ambalo halina budi kuwemo katika elimu ya ushirika, nalo ni kuifahamu dunia ambayo zao la mwanachama huuzwa humo.

Makala haya yanaeleza baadhi ya mambo makubwa yaliyotokea ulimwenguni kati ya mwaka 2010 na mwaka 2019, pamoja na mabadiliko ya mila na maisha yaliyoambatana nayo. Si historia kamili ya miaka hiyo. Yamechaguliwa yale ambayo, kwa njia moja au nyingine, yalifika hadi kwenye ghala la chama cha msingi: yakabadili bei, yakabadili gharama, au yakabadili namna wanachama wanavyopashana habari na kulipwa fedha zao. Katibu anayeyafahamu ataweza kuijulisha kamati yake mambo hayo kabla ya uamuzi kupitishwa, badala ya kuyaeleza kwa wanachama wenye hasira baada ya hasara kutokea.

Mkate na maandamano

Muongo huo ulifunguliwa na jambo lililoanzia katika mji mdogo wa Sidi Bouzid nchini Tunisia. Tarehe 17 Desemba 2010, Mohamed Bouazizi, kijana aliyekuwa akiuza matunda na mboga kwa mkokoteni, alijichoma moto mbele ya ofisi za serikali baada ya bidhaa zake na mizani yake kuchukuliwa na watumishi wa mji. Alifariki tarehe 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Rais Ben Ali, aliyetawala Tunisia tangu mwaka 1987, aliikimbia nchi. Maandamano yakaenea. Nchini Misri Rais Mubarak aliondoka madarakani tarehe 11 Februari 2011. Nchini Libya Gaddafi aliuawa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Na nchini Syria maandamano yaligeuka kuwa vita vilivyowafukuza mamilioni ya watu makwao. Mwaka 2015 peke yake watu zaidi ya milioni moja waliingia Ulaya wakitafuta hifadhi, wengi wao wakitoka Syria.

Sababu za machafuko hayo zilikuwa nyingi: utawala wa muda mrefu usiokubali kukosolewa, rushwa, na vijana wengi waliosoma lakini hawakupata kazi. Bei ya chakula nayo ilikuwamo. Katikati ya mwaka 2010 ukame na moto viliharibu mashamba ya ngano nchini Urusi, na mwezi Agosti serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza ngano nje. Misri ni miongoni mwa nchi zinazonunua ngano nyingi kuliko zote duniani. Ilipofika Februari 2011, bei za vyakula katika soko la dunia zilikuwa zimepanda kupita kiasi kilichofikiwa katika msukosuko wa mwaka 2008.

Funzo lililopo hapa kwa chama cha ushirika ni jepesi kuonekana. Ukame wa nchi moja uliongeza bei ya mkate katika nchi nyingine, na mkate ulipopanda bei, wenye njaa hawakuuliza ngano ilikauka wapi. Walimuuliza aliyekuwa karibu nao, yaani serikali yao. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa kahawa au pamba. Bei inaposhuka kwa sababu iliyoanzia mbali, lawama ya kwanza humwangukia katibu na kamati, kwa kuwa hao ndio anaowaona kwenye mizani. Kamati iliyokwisha kuwaeleza wanachama chanzo cha bei mapema haitaepuka maswali, lakini itaepuka kushukiwa wizi ambao haukutendeka.

Kahawa: kilele na bonde

Hapana jambo la muongo huo linalostahili kuangaliwa na vyama vya wakulima kwa makini kuliko mwenendo wa bei ya kahawa.

Bei ya kahawa ya arabika huongozwa na soko la New York, ambako wanunuzi na wauzaji hufanya mikataba ya kahawa itakayotolewa miezi ya baadaye. Bei hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja. Bei ya robusta huongozwa na soko la London, nayo hutajwa kwa dola kwa tani. Katika masoko hayo hawamo wenye kahawa na wakaangaji tu. Wamo pia wenye mitaji wasiogusa hata gunia moja, ambao hununua mikataba wakitumaini bei itapanda au huuza wakitumaini itashuka. Hao huifanya bei ipande au ishuke kwa kasi kuliko mavuno yenyewe yanavyobadilika.

Mwezi Mei 2011 bei ya arabika mjini New York ilipita senti 300 kwa ratili, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka zaidi ya kumi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa imeshuka hadi karibu senti 100. Mwaka 2014 ukame wa Brazil uliipandisha tena hadi kupita senti 200. Kisha ikaanza kuteremka. Mwaka 2018 Brazil, ambayo hutoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia, ilivuna magunia zaidi ya milioni 60 ya kilo 60 kila moja. Mwezi Mei 2019 bei ilishuka chini ya senti 90.

Yafaa hesabu hii ifanywe taratibu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi hawakuliona. Kilo moja ni ratili 2.2. Senti 300 kwa ratili ni sawa na dola 6.60 kwa kilo. Senti 90 ni sawa na dola 1.98. Kwa dola, basi, bei ilipungua kwa asilimia 70. Lakini mkulima wa Tanzania hanunui sukari kwa dola. Mwaka 2011 dola moja ilibadilishwa kwa karibu shilingi 1,500 za Tanzania. Mwaka 2019 ilibadilishwa kwa karibu shilingi 2,300. Kwa hiyo dola 6.60 za wakati ule zilikuwa kama shilingi 9,900, na dola 1.98 za mwaka 2019 zilikuwa kama shilingi 4,550. Kwa shilingi, anguko lilikuwa la asilimia 54. Kudhoofika kwa shilingi kulificha sehemu ya hasara.

Sasa na iangaliwe Brazil. Mwaka 2011 dola moja ilibadilishwa kwa karibu reali 1.6 za nchi hiyo; katikati ya mwaka 2019 ilibadilishwa kwa karibu reali 4. Dola 3 kwa ratili zilikuwa reali 4.80, na senti 90 zilikuwa reali 3.60. Kwa fedha yake mwenyewe, mkulima wa Brazil aliona bei ikipungua kwa robo tu. Ni kweli kwamba gharama zake nazo zilipanda katika miaka hiyo. Hata hivyo, anguko lililomlaza mkulima wa milimani katika Afrika Mashariki halikumlazimu mwenzake wa Brazil, mwenye shamba kubwa la tambarare linalovunwa kwa mashine, kuacha kuuza. Aliendelea kuuza kwa wingi, na kwa kuuza kwa wingi akaidumisha bei ya chini. Hiyo ndiyo sababu kamati yenye busara haiangalii mavuno ya Brazil peke yake, bali huangalia pia thamani ya fedha ya nchi hiyo.

Bei katika hesabu hizi ni ya soko la dunia, si ya mlangoni pa chama. Zimetolewa kuonyesha mwelekeo.

Malipo ya awali na hatari yake

Hatari kubwa kwa chama huja pale bei inapobadilika baada ya malipo ya awali kupangwa. Chukulia mfano wa chama kilichokusanya kahawa inayolingana na kilo 20,000 za kahawa safi. Kwa kuwa msimu uliopita bei ilikuwa nzuri, na kwa kuwa wanunuzi binafsi wanapita vijijini wakitoa fedha taslimu, mkutano unashinikiza malipo ya awali yawe shilingi 4,000 kwa kilo. Kamati inakopa benki. Usafiri, ukoboaji, ushuru na riba vinafikia shilingi 600 kwa kilo. Kila kilo, basi, imekwisha kukigharimu chama shilingi 4,600 kabla haijauzwa. Kahawa inapofika mnadani inauzwa kwa shilingi 4,100. Chama kimepoteza shilingi 500 kwa kila kilo, yaani shilingi milioni 10 kwa jumla, na benki inazidai.

Kama malipo ya awali yangalikuwa shilingi 3,000, gharama yote ingalikuwa shilingi 3,600. Kahawa ile ile, katika mnada ule ule, ingaliacha shilingi 500 kwa kilo, na chama kingalikuwa na shilingi milioni 10 za kugawa kama malipo ya pili. Tofauti kati ya chama kinachofilisika na chama kinacholipa mara ya pili haikutokana na bei ya New York. Ilitokana na uamuzi uliopitishwa katika mkutano mwanzoni mwa msimu.

Jambo hili halikwisha pamoja na muongo huo. Mwezi Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil na bei ikapanda. Na mwezi Februari 2025 arabika ilipita senti 400 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Waliokuwapo mwaka 2011 wanajua kwamba bei ya namna hiyo huwafanya watu waamini kuwa haitashuka tena. Miaka iliyofuata kilele cha 2011 yatosha kuwa onyo. Chama kinachopata bei nzuri kina nafasi ya kuweka akiba, kulipa madeni na kupanda miche mipya. Kikiitumia nafasi hiyo kupandisha malipo ya awali hadi ukingoni, kinajiwekea mtego wa msimu unaofuata.

Mafuta na gesi

Gharama za mkulima nazo zilifuata mambo ya mbali. Tangu mwaka 2011 hadi katikati ya mwaka 2014, pipa moja la mafuta yasiyosafishwa liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Katika miaka hiyo Marekani ilikuwa ikipanua njia mpya ya kuchimba mafuta kwa kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa. Mafuta yalipozidi sokoni, nchi zinazouza mafuta kwa wingi zilizo katika jumuiya ya OPEC zilikutana Novemba 2014 na kukataa kupunguza uchimbaji wao. Bei ikaporomoka, na mwezi Januari 2016 pipa liliuzwa kwa chini ya dola 30.

Mafuta huingia katika kahawa kwa njia ya lori, mashine ya kukobolea na meli. Gesi asilia nayo huingia kwa njia ya mbolea, kwa kuwa urea hutengenezwa kwa kutumia gesi hiyo. Kwa sababu mafuta na mbolea hununuliwa kwa dola, shilingi inapodhoofika nafuu ya bei ya dunia haimfikii mkulima yote. Hapo ndipo faida ya kununua pembejeo kwa pamoja inapoonekana. Chama kimoja chenye mifuko hamsini hakina nguvu ya kujadiliana na muuzaji. Vyama ishirini vinavyopeleka mahitaji yao mapema kwa Chama Kikuu vinaweza kuagiza wakati bei ikiwa chini, badala ya kusubiri mvua ya kwanza ambapo kila mtu hutafuta mbolea kwa siku moja.

Simu mkononi mwa mwanachama

Huenda hapana badiliko la muongo huo lililogusa maisha ya watu wengi kuliko simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, lakini ilikuwa katika miaka ya 2010 ambapo kutuma fedha kwa simu kulikuwa jambo la kawaida hata kijijini. Mwaka 2014 makampuni ya simu ya Tanzania yalianza kukubaliana kwamba mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia fedha mteja wa mtandao mwingine moja kwa moja. Wakati huo huo simu janja zilishuka bei. Mtandao wa Facebook ulifikisha watumiaji bilioni moja mwaka 2012 na bilioni mbili mwaka 2017. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Mwezi Desemba 2012 wimbo mmoja kutoka Korea Kusini, uitwao Gangnam Style, ulikuwa wa kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Na kwa njia hiyo hiyo muziki wa Bongo Fleva uliwafikia wasikilizaji wa nchi ambazo redio za Dar es Salaam hazikuwahi kufika.

Kwa chama cha ushirika, simu imeleta manufaa matatu. Kwanza, mwanachama anaweza kulipwa bila katibu na mweka hazina kusafiri na gunia la noti katika njia yenye hatari. Pili, kila malipo huacha kumbukumbu inayoweza kulinganishwa na daftari. Tatu, tangazo la mkutano au la siku ya kupokea mazao huwafikia watu kwa saa moja.

Lakini simu imeleta pia swali jipya. Mwanachama sasa anaweza kuiona bei ya New York akiwa shambani, kisha akaja mezani kwa katibu na kuuliza kwa nini chama kinamlipa pungufu. Swali hilo ni haki yake, na halijibiwi kwa kukunja uso. Katibu yampasa aweze kueleza hatua kwa hatua. Bei iliyotajwa ni ya ratili, si ya kilo. Ni ya kahawa safi iliyokobolewa, ilhali mwanachama ameleta yenye maganda ambayo hupungua uzito kiwandani. Ni ya kahawa itakayotolewa mwezi fulani wa mbele, kwa daraja fulani la ubora. Kahawa bora zaidi hupata nyongeza juu yake na iliyo dhaifu hupunguziwa. Tena kutoka kijijini hadi bandarini mna usafiri, ukoboaji, hifadhi, ushuru na riba. Chama kinachobandika orodha ya makato hayo ukutani, kwa tarakimu zilizo wazi, kimejibu swali kabla halijaulizwa. Na iwapo katika orodha hiyo yamo makato ambayo katibu mwenyewe hawezi kuyaeleza, hapo ndipo mahali pa kuanzia ukaguzi.

Yapo na madhara. Mwezi Machi 2018 ilifichuliwa kwamba kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilikuwa imejipatia habari za watumiaji wa Facebook bila idhini yao ili zitumike katika siasa. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba watu waliohusika walifikia milioni 87. Tukio hilo liliionyesha dunia kwamba habari za mtu ni mali, na kwamba zinaweza kuchukuliwa bila mlango kuvunjwa. Daftari la wanachama lenye majina, namba za simu na kiasi cha mazao ni mali ya namna hiyo. Lisipigwe picha na kutumwa ovyo. Namba ya siri ya simu ya chama isijulikane na mtu mmoja peke yake, wala isiandikwe nyuma ya daftari. Na uvumi wa bei unaosambazwa katika makundi ya simu usifanywe msingi wa uamuzi wowote mpaka uthibitishwe na Chama Kikuu au Bodi ya zao husika.

Mipaka iliyofungwa na mipaka iliyofunguliwa

Miaka ya katikati ya muongo ilileta wimbi la mataifa kutaka kujitenga. Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliamua, kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1, kwamba nchi yao ijitoe katika Umoja wa Ulaya. Na ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Novemba 2016 Donald Trump alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani kwa ahadi ya kuweka nchi yake mbele, na tangu mwaka 2018 Marekani na China zilianza kutozana ushuru mkubwa wa forodha. Watu wengi katika nchi tajiri, hasa wale ambao viwanda vyao vilikuwa vimefungwa, walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba biashara ya dunia inawanufaisha wote.

Katika Afrika mwelekeo ulikuwa mwingine. Tarehe 21 Machi 2018 mjini Kigali, nchi 44 zilitia sahihi mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika. Mkataba huo ulianza kuwa na nguvu ya sheria tarehe 30 Mei 2019, na biashara chini yake ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021. Kusudi lake ni kupunguza ushuru kati ya nchi za Afrika zenyewe, ambazo kwa muda mrefu zimefanya biashara na mabara mengine kuliko na majirani zao.

Maana yake kwa wakulima itategemea wao wenyewe wanauza nini. Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa inayoilima, na kwa hiyo mkulima wake anaye mnunuzi wa nyumbani hata New York inapoanguka. Tanzania hunywa sehemu ndogo tu ya kahawa yake. Soko la Afrika halitanunua kahawa mbichi kwa wingi kutoka nchi moja hadi nyingine; litanunua iliyokaangwa, ikasagwa na kufungwa. Vyama vinavyofikiria kujenga kiwanda kidogo cha kukaanga vitapaswa kupima gharama kwa uangalifu, lakini mlango wa kisheria umefunguliwa.

Joto na mvua

Tarehe 12 Desemba 2015 mjini Paris, mataifa yalikubaliana kujitahidi kuzuia joto la dunia lisizidi nyuzi 2 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, na ikiwezekana lisizidi nyuzi 1.5. Muongo ulipokwisha, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba ulikuwa wenye joto kuliko wowote uliowahi kupimwa hadi wakati huo. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga karibu na Beira nchini Msumbiji, kikaua watu zaidi ya elfu moja katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na kufunika mashamba kwa maji muda mfupi kabla ya mavuno.

Kwa mkulima wa arabika hatari hiyo huja kimya kuliko kimbunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini Tanzania ulionyesha kwamba mavuno hupungua kadiri joto la usiku linavyopanda. Mbuni huhitaji usiku wa baridi. Kivuli cha migomba na miti mingine, matandazo juu ya ardhi, na miche ya aina zinazostahimili magonjwa si mapambo ya shamba; ni kinga ambayo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuonekana faida yake, na kwa sababu hiyo haifai kusubiri.

Wanawake na lugha

Mabadiliko ya fikra nayo yalikuwa makubwa. Mwaka 2014 Malala Yousafzai wa Pakistani, aliyepigwa risasi mwaka 2012 kwa kutetea elimu ya wasichana, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa na umri wa miaka 17, pamoja na Kailash Satyarthi wa India. Mwezi Oktoba 2017 wanawake wa nchi nyingi walianza kusema hadharani juu ya udhalilishaji waliofanyiwa kazini, na watu wenye vyeo vikubwa wakaondolewa. Mwaka 2018 Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa Nadia Murad wa Iraki na kwa Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, Kongo, ambaye kwa miaka mingi amewatibu wanawake waliojeruhiwa kwa kubakwa katika vita.

Ushirika hauwezi kulitazama jambo hili kama la wengine. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Hata hivyo mara nyingi mke ndiye apaliliaye na kuchuma, ilhali jina lililo katika daftari la chama ni la mume, naye ndiye apokeaye malipo na apigaye kura. Chama kinachowaandikisha wote wawili hakipotezi kitu. Kinapata mwanachama mwingine anayejua ubora wa kahawa tangu ikiwa mtini.

Kuhusu lugha, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019 ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Na ushirika wenyewe ulipata heshima. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2012 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, na ukafanya hivyo tena mwaka 2025. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza wazo na desturi ya watu kujiunga katika ushirika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika, kwa ombi la Ujerumani.

Yanayopasa kufanywa na vyama

Kwa kuwa mambo ya dunia yataendelea kufika bila kubisha hodi, inafaa kila chama cha msingi kifanye yafuatayo.

Kwanza, katibu aandike katika daftari maalumu, mara moja kila wiki, bei ya soko la dunia ya zao la chama, thamani ya dola kwa shilingi, na bei ya mnada wa karibuni. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Pili, mwanzoni mwa msimu kamati ipange malipo ya awali kwa kufanya hesabu mbili: ya bei inayotarajiwa, na ya bei iliyopungua kwa robo. Iwapo katika hesabu ya pili chama hakiwezi kurudisha mkopo, malipo yapunguzwe, na sababu ielezwe wazi katika mkutano mkuu kabla ya kura kupigwa.

Tatu, sehemu ya ziada ya kila msimu mzuri iwekwe akiba, kwa azimio lililoandikwa, ili isitegemee hisani ya kamati itakayofuata.

Nne, orodha ya makato yote ibandikwe mahali ambapo kila aletaye mazao ataiona, nayo isomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Mwisho, katika kila mkutano mkuu itengwe nusu saa ya habari za soko, kabla ya ajenda ya bei. Mwanachama akiisha kufahamu mambo hayo, atapiga kura ya malipo ya awali akijua ni kiasi gani cha fedha zake mwenyewe anachokiweka katika hatari.